Kikasha cha Kiunoni: Kisa cha Jicho la Argus II

Nianze na kikasha, maana kisa chote kimo humo. Ni kiboksi cha kushikika kwa mkono mmoja. Mvaaji hukifunga kiunoni au kukitundika begani, na waya wake unapanda hadi kwenye miwani myeusi. Katikati ya miwani, juu ya pua, kuna kamera ndogo. Ubavuni, karibu na sikio, kuna koili. Kamera inachukua picha, picha inashuka kwa waya hadi kiunoni, inachujwa ndani ya kikasha mpaka zinabaki nukta 60, halafu nukta hizo zinapanda tena hadi kwenye koili na kurushwa kwa mawimbi ya redio kuingia jichoni, ambako daktari ameshona koili nyingine ya kuzipokea. Jichoni hakuna betri. Umeme wa kuendesha kilichopandikizwa unakuja na mawimbi yale yale, kutoka kwenye betri ya kikasha. Kikasha kikizimika, kilichobaki jichoni hakina kazi yoyote.

Kifaa hicho kiliitwa Argus II, na kilitengenezwa na Second Sight Medical Products, kampuni ya California. Zaidi ya watu 350 walipandikiziwa, Marekani, Ulaya na kwingineko. Kampuni iliacha kukitengeneza mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikawaondoa wafanyakazi wake walio wengi, wakiwemo wale waliokuwa wakipokea simu za wagonjwa. Kilichopandikizwa kikabaki jichoni.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Siku zangu zinaishia kwenye mashine za oksijeni, monita za wodini, pampu za dripu na vifaa vya kusikia vya watoto. Kila hospitali niliyowahi kufanyia kazi ina chumba kimoja ambacho wageni hawaonyeshwi, stoo ya mashine zilizolala. Ukizipekua unakuta nyingi hazikufa kwa uzee. Imekosekana sensa, au kichujio, au nywila ya kuingilia menyu ya fundi, ambayo aliyeuza mashine aliondoka nayo. Mapema mwaka 2022, jarida la wahandisi la IEEE Spectrum lilipochapisha uchunguzi wake juu ya Argus II, nilisoma nikaitambua ile stoo yetu. Ila safari hii mashine iliyolala ilikuwa ndani ya jicho la mtu.

Walichokiona

Ugonjwa uliolengwa unaitwa retinitis pigmentosa. Ni wa kurithi. Mara nyingi unaanza kwa mtu kushindwa kuona usiku, kisha uwanja wa kuona unabana polepole kutoka pembeni, mpaka anakuwa kama anachungulia kwenye bomba, na wengine mwishowe bomba lenyewe linaziba. Zinazokufa ni seli zinazopokea mwanga kwenye retina, utando ulio nyuma ndani ya jicho. Lakini zaidi ya hizo zipo seli nyingine zinazopeleka habari kwenye neva ya kwenda ubongoni, na sehemu yake hubaki hai hata mtu akiwa kipofu kwa miaka mingi. Hapo ndipo wazo la Argus lilipojengwa: ziache zilizokufa, ziguse zilizo hai kwa umeme. Daktari alikuwa anaingiza kibamba chembamba chenye elektrodi 60, yaani vijincha vya kupitishia umeme, safu 6 kwa 10, anakilaza juu ya retina na kukibana kwa kijimsumari kidogo mno.

Nukta 60. Kamera ya simu ya bei rahisi ina mamilioni. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba waliopandikiziwa waliona sura za wajukuu zao. Waliona mimweko ya mwanga, yenye rangi ya kijivu au ya manjano, ikija na kutoweka. Mlango ulio wazi ulitofautiana na ukuta. Sahani nyeupe ilionekana juu ya kitambaa cheusi. Mtu aliyesimama mbele ya dirisha aliacha kivuli. Na kwa kuwa kamera ilikuwa kwenye miwani, kuzungusha jicho hakukusaidia. Ilibidi wazungushe kichwa kizima, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi, na kuunganisha akilini vipande walivyovikusanya. Walifundishwa kwa miezi. Aliyekuwa na mwalimu mzuri alikiona kifaa kuwa kizuri, aliyemkosa alikiweka kabatini.

Majaribio ya awali yaliyoanza mwaka 2007 yalihusisha watu 30. Baada ya miaka mitano, 24 kati yao bado walikuwa na kifaa kinachofanya kazi. Uwezo wa juu kabisa uliopimwa uliandikwa 20/1260, maana yake kitu ambacho jicho zima linakitambua likiwa zaidi ya mita 380 kutoka hapo, mtu huyu alihitaji kisogezwe mpaka mita sita hivi. Na 12 kati ya wale 30 walipata madhara makubwa yaliyotokana na kifaa au upasuaji ndani ya muda huo, mengi yakitibika.

Kuna wataalamu waliosema mafanikio hayo ni madogo mno kwa gharama ile. Hesabu yao naielewa, lakini sikubaliani nao. Mtu aliyekaa gizani miaka ishirini akaweza tena kufuata mstari mweupe wa kivuko cha barabara hapimwi kwa idadi ya nukta. Waliohojiwa walisimulia fataki, mishumaa ya siku ya kuzaliwa, taa za mti wa Krismasi. Hayo kwao yalikuwa makubwa, na ndiyo yanayofanya sehemu iliyofuata iume.

Fedha

Second Sight ilianzishwa mwaka 1998, na mfadhili wake mkuu alikuwa Alfred Mann, tajiri aliyejenga maisha yake kwa vifaa vya ndani na vya pembeni mwa mwili: vidhibiti mapigo ya moyo, pampu za insulini, vipandikizi vya sikio. Hilo la sikio tulikumbuke, nitalirudia. Kifaa chao cha kwanza, Argus I, chenye elektrodi 16, kilitengenezwa kwa kugeuza kipandikizi cha sikio kilichokuwa tayari sokoni. Watu sita walipandikiziwa kuanzia mwaka 2002. Walipothibitisha kwamba retina inaitikia, wakaunda Argus II.

Ulaya iliruhusu kiuzwe mwaka 2011. Marekani ilikipa kibali Februari 2013, lakini kwa mlango maalumu. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ina njia inayoitwa msamaha wa kibinadamu, kwa ajili ya magonjwa yanayowapata watu wachache, wakati huo wasiofika 4,000 kwa mwaka nchini humo. Kwa njia ya kawaida mtengenezaji lazima athibitishe kwamba kifaa kinafanya kazi inayodaiwa. Kwa njia hii anatakiwa kuonyesha kwamba ni salama vya kutosha na kwamba faida inayotarajiwa inazidi hatari. Njia hiyo ni ya haki. Bila hiyo, wagonjwa wa maradhi adimu wasingepata chochote, kwa kuwa hakuna mwekezaji angekubali kugharimia majaribio ya maelfu ya watu kwa ajili ya soko la mamia.

Lakini angalia soko lenyewe. Kifaa kimoja kilikuwa takriban dola 150,000, kabla ya upasuaji na mafunzo. Wagonjwa wanaofaa ni wachache, na si kila anayefaa anakubali kupasuliwa jicho. Waliolipa ni bima na serikali kuliko wagonjwa wenyewe. Uingereza, kwa mfano, Desemba 2016 huduma yake ya afya ya taifa ilitangaza kulipia wagonjwa kumi, watano Manchester na watano hospitali ya macho ya Moorfields jijini London. Kumi kwa nchi nzima. Kampuni ilikuwa imeshaingia soko la hisa la Nasdaq tangu mwaka 2014, na wanahisa hawasubiri wagonjwa kumi kumi. Mann mwenyewe, ambaye subira yake na fedha zake ndizo zilizoishikilia kampuni tangu mwanzo, alifariki Februari 2016.

Njia waliyoiona ni kuliruka jicho. Walianza kifaa kingine, Orion, cha kuweka elektrodi moja kwa moja juu ya sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, ili kimfae pia kipofu wa glakoma, wa kisukari au wa ajali. Soko kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2018 watu sita wakapandikiziwa kwa majaribio. Mwaka 2019 kampuni ikaachana na Argus II ili nguvu zote ziende Orion. Machi 2020, korona ilipobana na fedha zikakauka, ikatangaza kupunguza wafanyakazi na kuelekea kufunga shughuli.

Haikufa, ndiyo sehemu inayonisumbua. Mwezi Machi 2021 FDA ilikubali toleo jipya la miwani na kikasha, jepesi zaidi, Argus 2s, ambalo lingewafaa watumiaji wale wale wa zamani, lakini halikuwafikia. Katikati ya mwaka huo kampuni iliuza hisa na kupata dola milioni 57.5. Agosti 2022 ikaungana na kampuni nyingine inayotengeneza kipandikizi kidogo cha kuachilia dawa polepole chini ya ngozi, jina likawa Vivani Medical. Fedha zilikuwepo, hataza zilikuwepo. Waliokosekana ni fundi wa kutengeneza kikasha na mtu wa kupokea simu.

Simu isiyopokelewa

Nichukue watumiaji watatu, bila majina yao, kwa kuwa mambo yaliyowapata ni ya aina tatu tofauti na watu huyachanganya.

Wa kwanza ni mwanamke wa New York. Alipandikiziwa wakati wa majaribio, na kifaa kikamtumikia miaka minne. Siku moja ya mwaka 2013, akibadilisha treni katika kituo cha chini ya ardhi, alisikia mlio mdogo mara tatu na mimweko yake ikazimika. Haikurudi tena. Kampuni wakati huo ilikuwa hai kabisa. Wahandisi wake walihangaika na kifaa chake, wakashindwa, na yeye akaamua kisitolewe, kwa sababu upasuaji wa kukitoa nao una hatari zake. Hili ni tatizo la kiufundi la kawaida. Kila kifaa kina siku yake. Lakini alikuwa na wa kumpigia, na waliokuja walikijua kifaa.

Wa pili ni mwanamume wa Marekani aliyepandikiziwa miaka ya mwisho mwisho. Alianza kuugua kizunguzungu, na madaktari wakataka kumpima kwa MRI waone kama kuna uvimbe kichwani. MRI ni sumaku kubwa. Mtu mwenye chuma jichoni humwingizi humo bila maelekezo ya mtengenezaji kuhusu nguvu ya sumaku inayoruhusiwa na namna ya kumwandaa. Kampuni ilitafutwa, haikupatikana. Ikabidi apimwe kwa CT, mashine ya picha za eksirei, badala yake. Fikiria daktari aliyekaa na simu mkononi, mgonjwa mbele yake, na swali ambalo jibu lake lipo kwenye jalada la kabati fulani California. Huyu hakukiomba kifaa kimwonyeshe chochote siku hiyo. Alihitaji karatasi tu, na kukosekana kwa karatasi kukagusa afya ya mwili wake mzima.

Wa tatu yuko Ulaya. Kipandikizi chake kilikuwa kizima. Kilichovunjika ni kikasha, kilianguka. Na kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimesimama, jicho lake zima likageuka bovu kwa sababu ya kitu kilichoanguka sakafuni. Alinusurika kwa kupata kikasha cha ziada kupitia daktari aliyekuwa nacho. Watumiaji wengine nao wakaanza kutunza vifaa vyao kama mboni ya jicho, wakijua hakuna kingine.

Huyu wa tatu ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa kuwa tatizo lake lilikuwa linatengenezeka. Kikasha ni kompyuta ndogo yenye betri, saketi na programu. Si kitu cha ajabu. Hata hivyo sisemi kwamba fundi yeyote wa mtaani angekifungua. Kila mgonjwa ana mpangilio wake mwenyewe: elektrodi moja baada ya nyingine zinapimwa ili kujua ni umeme kiasi gani unaanza kumletea mmweko, na vipimo hivyo vinapakiwa kwenye kikasha chake. Umeme ukizidi, au usiposawazishwa unavyoingia na kutoka, unaunguza tishu zile zile chache zilizobaki hai. Kwa hiyo ukipewa kikasha cha mwenzako bila programu ya kukipanga, hujapewa jicho. Inatakiwa michoro, inatakiwa programu, na anatakiwa mtu aliyefundishwa. Vyote vitatu vilikuwa mali ya kampuni moja.

Mkataba ambao haukudaiwa

Wengi wanaosimulia kisa hiki wanamaliza kwa kuilaani kampuni. Inastahili lawama. Kuwaacha watu kwenye mataa bila taarifa ya kueleweka, wengine wakasikia habari kutoka kwa mwalimu wao wa mazoezi aliyekuwa amepoteza kazi, ni aibu, na hakuna uhaba wa fedha unaozuia kuandika barua iliyo wazi. Lakini kampuni hufa. Biashara ya kifaa cha mamia ya watu ina uwezekano mkubwa wa kufa kuliko wa kuishi, na kila aliyekuwa mezani alilijua hilo mwaka 2013.

Mimi naitazama meza yenyewe. Hospitali ikinunua mashine ya eksirei, hata hospitali ya wilaya, sisi mafundi tunaitwa kabla ya malipo na tunauliza maswali yasiyo ya kisayansi hata kidogo. Dhamana miaka mingapi? Vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi baada ya mashine kuacha kutengenezwa? Fundi wenu yuko wapi, na atafika baada ya siku ngapi? Nywila ya matengenezo tunakabidhiwa? Majibu yanaandikwa, yanasainiwa, yanaitwa mkataba wa matengenezo. Mara nyingine unavunjwa, ndiyo, na ile stoo ndiyo ushahidi. Lakini upo, na ukivunjwa kuna wa kumshitaki.

Argus II ilipita kwa wadhibiti wa mabara mawili, ikapita kwa bima, ikapita kwa wizara za afya, kamati za maadili na madaktari bingwa wa macho. Kibali kilihoji usalama na manufaa. Hakikumtaka mtengenezaji aonyeshe nani atakihudumia kifaa endapo yeye hayupo, na hadi leo hakuna sheria ya Marekani inayomlazimisha aliyeishiwa fedha kuendelea kuhudumia kilichomo mwilini mwa mtu. Eksirei inayosimama sakafuni, inayoweza kung'olewa na kubadilishwa kwa wiki moja, tumeilinda kuliko jicho.

Ningekaa kwenye kamati ya kibali ningedai sehemu ya bei ya kila kifaa iwekwe pembeni kwenye mfuko usioguswa na wanahisa, wa kulipia vikasha vya akiba na gharama ya kukitoa kifaa kwa anayetaka kitolewe. Na ningedai michoro, programu na maelekezo ya MRI yawekwe amana kwa mtu wa tatu, chuo kikuu au mamlaka yenyewe, yafunguliwe siku kampuni inapoacha huduma. Wafanyabiashara wa programu za kompyuta wamezoea amana ya namna hiyo: benki haikubali kununua mfumo ambao msimbo wake utazikwa na muuzaji. Najua jibu la wawekezaji, kwamba masharti haya yataongeza bei na kuua uvumbuzi kabla haujazaliwa. Sehemu ya jibu hilo ni kweli. Ila uvumbuzi unaosimama tu kwa kuwa gharama ya mwisho wake ameachiwa kipofu aibebe, mimi siuhesabu kuwa umesimama.

Wapo waliofanya vizuri zaidi, na mfano uko upande wa sikio. Mwaka 2022 kampuni ya Denmark inayomiliki Oticon Medical iliamua kujitoa kwenye vipandikizi vya kusikia. Badala ya kufunga mlango, biashara ya vipandikizi vya sikio la ndani ilikabidhiwa kwa Cochlear ya Australia, na makabidhiano yakakamilika mwaka 2024 baada ya mamlaka za ushindani kuyachunguza. Cochlear iliahidi kuwahudumia waliokwisha pandikiziwa. Si tendo la hisani, ni kwamba kwenye sikio kuna watumiaji wengi mno na soko lililokomaa, kwa hiyo wagonjwa wenyewe wana thamani ya kibiashara. Wagonjwa 350 wa jicho hawakuwa na thamani hiyo kwa mnunuzi yeyote, na ndiyo sababu sheria ingepaswa kuifanya kazi ambayo soko haliwezi kuifanya.

Upo pia upande wa pili wa shilingi, nao nitaupitia kwa ufupi. Melbourne, kuanzia mwaka 2010, watu 15 wenye kifafa walijaribiwa kipandikizi cha NeuroVista kilichowaonya kabla ya kuanguka. Kampuni ikaishiwa fedha, wakaambiwa vitolewe. Mwanamke mmoja alikataa mpaka mwisho. Yeye na mumewe walikuwa tayari kuweka nyumba rehani wakinunue, haikukubalika, kikatolewa. Wa Argus waliachiwa kifaa kilichokufa, huyu alinyang'anywa kilicho hai. Katika visa vyote viwili mwenye mwili ndiye pekee ambaye hakuwa na kauli juu ya kilichomo mwilini mwake.

Huku kwetu

Nilisema nitalirudia sikio. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wetu walipelekwa nje, hasa India. Leo wapo watoto wanaosoma shule za kawaida, wanaojibu wakiitwa, ambao wangekuwa bubu kwa kukosa kusikia tu. Hakuna kazi niliyoiona hospitalini inayonipa furaha kama hiyo. Na kifaa ni ndugu wa Argus wa damu: sehemu ya ndani haina betri, sehemu ya nje inakaa nyuma ya sikio, waya mwembamba unaenda kwenye koili inayonata kichwani kwa sumaku. Umeme na sauti vinavuka ngozi kwa mawimbi.

Ule waya ni mwembamba kuliko wa chaja ya simu. Unakatikia karibu na koili, pale unapopinda. Watoto wanacheza, wanavuana kofia, wanatoka jasho, na unyevu wa pwani unakula viunganishi vyake. Kiwandani wanauita kitu cha kubadilishwa mara kwa mara. Kwetu kinakuja kwa ndege.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka saba. Hakusalimia hata, naye si mtu wa kukosa adabu. Alifungua kitambaa alichokifunga fundo kwenye ncha ya khanga, akaweka kifaa mezani.

"Fundi, mtoto amezimika."

Nikakipima. Betri nzima, kichakataji kizima, taa inawaka. Nilipoukunja waya kidogo taa ikapepesa. "Hajazimika, mama," nikamwambia. "Ni waya tu."

"Basi uunge."

Hauungiki. Ndani yake mna nyuzi nyembamba kama nywele, na ukiunga kwa risasi ya kawaida mawimbi hayapiti sawasawa. Nikamwandikia oda. Msambazaji akasema wiki mbili, ikawa sita. Katika wiki hizo mama alinipigia kila Jumatatu. Akaniambia mtoto ameacha kutumia sauti, amerudia kumvuta khanga akitaka kitu, kama alivyokuwa akifanya kabla ya upasuaji, na shuleni mwalimu amemrudisha dawati la nyuma kwa kuwa haitikii. Kipandikizi cha mamilioni ya shilingi kilikuwa kizima kichwani mwake muda wote huo.

Waya ulipofika nilikuwa nimeagiza miwili. Mmoja tukaufunga pale pale. Mama alimsimamisha mtoto akitazama ukutani, akarudi nyuma hatua nne na kumwita jina lake kwa sauti ndogo. Mtoto akageuka. Wa pili uko kwenye droo yangu ya kulia, ndani ya bahasha iliyoandikwa jina hilo, na namba ya simu ya mama yake.